Pima Kabla Hujaugua: Mwongozo wa Gharama Nafuu kwa Wanajeshi Wastaafu wa Tabora

Kinachomaliza pensheni ya mstaafu wa jeshi ni kuuguza. Presha ambayo haikupimwa miaka sita inakuja kuonekana siku mdomo umepinda na mkono umelegea. Sukari inagundulika kidonda cha mguuni kikiwa kimeshaanza kunuka. Hapo ndipo ng'ombe wanauzwa, mtoto anafunga biashara yake Urambo aje kukaa na mgonjwa hospitali ya mkoa, Kitete, na nauli ya kliniki inageuka deni la kila mwezi. Kipimo ambacho kingewahi mambo hayo kinachukua dakika kumi.

Mwongozo huu unamfaa mstaafu mmoja mmoja, lakini tunauelekeza zaidi kwa katibu wa kikundi, kwa sababu karibu kila kitu humu kinashuka bei kikifanywa na watu 15 hadi 20 kwa pamoja. Mahali penye tawi la MUWAWATA (muungano wa wanajeshi wastaafu), tumieni hilo hilo. Hakuna haja ya kuanzisha chama kingine na viongozi wengine.

Anza na kilicho chako tayari

Kabla ya kuchanga hata shilingi, katibu apite kwa kila mwanachama na kuandika mambo manne: mwaka wa kuzaliwa, kama analipwa pensheni, kazi ya mwenzi wake, na kadi yoyote ya bima iliyopo nyumbani. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha nani aende mlango gani.

Mwenye kitambulisho cha mstaafu wa JWTZ aende kwanza kwenye kituo cha tiba cha jeshi kilicho karibu naye. Asiishie kuuliza "je, wastaafu mnatutibu?", maana atajibiwa ndiyo, halafu siku ya kipimo aambiwe alipie. Aulize kwa vipengele: kumwona daktari, kupima presha na sukari, kupima figo, dawa za kila mwezi, na mke wangu je? Abebe kitambulisho cha mstaafu, cha NIDA na cheti cha ndoa, na majibu ayaandike kwenye daftari la kikundi ili wenzake wasirudie safari ile ile.

Ambaye mke ni mwalimu, muuguzi au mtumishi mwingine wa umma mwenye NHIF, aangalie kama jina lake limo kwenye kadi za wategemezi. Mwenzi ana haki ya kuwemo. Wapo wanaoishi na haki hiyo miaka mingi bila kuitumia, eti mwanamume hawezi kutibiwa kwa kadi ya mke. Hiyo ni fedha ya nyumba inayokatwa kila mwezi kwenye mshahara, itumike.

Waliofikisha miaka 60 na hawana uwezo wa kulipia wanahusika na msamaha wa matibabu kwa wazee. Kitambulisho cha mzee huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Peleka picha mbili za pasipoti na uthibitisho wa umri: namba ya NIDA, kadi ya mpiga kura au cheti cha zamani cha jeshi chenye tarehe ya kuzaliwa. Kinachokwamisha sana hapa ni tarehe kutofautiana. Cheti cha jeshi kinasema 1957, NIDA inasema 1963. Rekebisha mapema, usingoje siku ya kuumwa.

Wakumbukeni mgambo waliopigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wakarudi vijijini Sikonge, Uyui au Nzega bila pensheni. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipoanza alifikisha 60 mwaka 2020, kwa hiyo wote sasa umri umetimia. Wengi hawajiiti wastaafu na hawaji kwenye mikutano. Wafuateni.

Walio kwenye hatari kubwa, kwa maoni yetu, ni wa katikati. Askari wa vyeo vya chini hustaafu mapema, wengi kabla ya 60. Ameacha mazoezi ya asubuhi ya kikosi, anakula kama alivyokula akiwa kazini, tumbo linaanza kutoka, na msamaha wa wazee bado haujamfikia. Hiyo ndiyo miaka presha na sukari zinapoingia kimyakimya. Huyu anahitaji bima ya kaya. Kiwango kilichozoeleka cha CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) mikoani kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, yaani shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mipango hii, uliza kituo cha afya au halmashauri kiwango cha sasa kabla ya kutoa fedha, na udai risiti.

Bima inamponyoka mtu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukata kadi akiwa tayari mgonjwa. Ya pili ni kusahau kuwa kadi inaisha. Katibu aandike tarehe za kuisha za wanachama wote kwenye ukurasa mmoja na kuwakumbusha mwezi mmoja kabla. Ya tatu ni kuruka ngazi: mtu anatoka Kaliua moja kwa moja hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete bila barua ya rufaa, kisha anashangaa kadi inakataliwa. Pitia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya. Karatasi ya rufaa ndiyo inayofungua mlango wa juu.

Mashine moja kwa watu ishirini

Mashine ya presha ya mtu mmoja ni gharama. Kwa watu 20 ni bei ya soda chache. Tuseme mmeipata kwa shilingi 90,000 (ulizeni maduka mawili ya vifaa tiba kabla ya kununua). Kila mmoja anatoa 4,500 mara moja tu. Chukueni ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono, kwa sababu ya kifundo hubadilika sana mkono ukishuka au ukipanda kidogo. Angalieni vipimo vilivyoandikwa kwenye kitambaa chake: cha kawaida kinafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, kikubwa 32 hadi 42. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinatoa namba za juu kuliko ukweli, na mtu anaanzishwa dawa asizozihitaji.

Chagueni siku moja ya mwezi, kwa mfano Jumamosi ya kwanza baada ya pensheni kuingia. Vikundi vingi vina mwanachama aliyekuwa tabibu au muuguzi jeshini. Huyo ndiye mshika mashine. Kama hayupo, ombeni zahanati iwape mtu wa kuwafundisha kwa asubuhi moja.

Upimaji wenyewe ndipo watu wanapoharibu. Mzee ameendesha baiskeli kilomita nane, anafika anahema, anakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, mkono unaning'inia, anaulizwa habari za mahindi huku mashine inajaa upepo. Namba itakayotoka hapo haimhusu. Fanyeni hivi:

Apumzike dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Awe ameshakojoa, kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Mkono uwe wazi, shati lisikunjwe likabana juu, na ulale mezani usawa wa moyo. Kama meza ni fupi, tandika kitabu au blanketi lililokunjwa. Asiongee, wala asisemeshwe. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Andika zote mbili.

Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: tarehe, saa, mkono wa kushoto, 152/94, 148/90, dawa amemeza asubuhi au hajameza. Bila hicho cha mwisho daktari hawezi kujua kama dawa inafanya kazi.

Namba moja ya juu haimfanyi mtu mgonjwa wa presha. Ikiwa 140/90 au zaidi, aje kupimwa tena siku mbili nyingine ndani ya wiki mbili, kisha aende zahanati na daftari lake. Ikiwa 180/110 au zaidi hata baada ya kupumzika na kurudia, aende kituoni siku hiyo hiyo. Na ikiwa kuna maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, au kauli kukwama, msipoteze muda kurudia kupima. Tafuteni gari.

Mashine isikae kwenye gari wala dirishani. Toeni betri kama haitatumika mwezi mzima, na kila miezi sita ipelekeni zahanati mlinganishe na ya pale kwa mtu yule yule, zikifuatana. Zikipishana zaidi ya 10 mara tatu mfululizo, hiyo yenu si ya kutegemewa.

Sukari: asubuhi moja kwa mwaka

Hapa fedha nyingi hupotea kwenye vijiti vya kupimia. Kopo likishafunguliwa lina muda wake mfupi ulioandikwa ubavuni, na joto la Tabora la Septemba na Oktoba linaviharibu upesi kopo likiachwa wazi au kwenye chumba cha bati. Kwa watu 20 nunueni kopo la vijiti 25, mpime wote asubuhi moja, na vitano vinavyobaki vitumike kurudia wenye namba za kutia shaka. Kabla ya kununua mashine, ulizieni kwanza bei ya vijiti vyake na kama vinapatikana Tabora mjini. Mashine ya bure ambayo vijiti vyake vinaagizwa Dar es Salaam itawagharimu zaidi.

Waje hawajala wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa nane. Wanawe mikono kwa sabuni na kukausha. Hili si la usafi tu: msimu wa maembe, maji ya tunda yaliyobaki kidoleni yanatosha kupandisha namba ya mtu mzima wa afya. Vivyo hivyo asali. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, na usikikamue kwa nguvu. Kila mtu na sindano yake mpya, isirudiwe kwa mwingine hata kama ni mkewe. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ipelekwe zahanati ikateketezwe.

Chini ya 6.1 (mmol/L) ni salama. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo: apunguze uzito, atembee, apime tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikifika 7.0 au zaidi akiwa hajala, aende kituoni kurudiwa kipimo, kwa sababu kisukari huthibitishwa kwa zaidi ya kipimo kimoja. Mwenye kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda asingoje siku ya kikundi.

Kipimo kingine hakina gharama kabisa. Chukua kamba ya katani, ipime urefu wako kutoka unyayoni hadi utosini, ikate, ikunje katikati iwe nusu. Zungushia kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na hatari ya kisukari na moyo imepanda. Itundike kamba hiyo ukutani, uijaribu kila mwezi.

Dawa za magoti zinazoharibu figo

Hili tunalisisitiza kuliko mengine. Miaka ya gwaride, mbio na mizigo mgongoni imewaachia wastaafu magoti na viuno vinavyouma, na dawa iliyozoeleka kutoka duka la dawa muhimu ni diklofenaki, mara nyingine kila siku kwa miezi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupandisha presha, huzuia dawa za presha zisifanye kazi vizuri, huumiza figo na kutoboa vidonda tumboni. Mtu anaongezewa dawa ya presha mwezi hadi mwezi wakati kinachoipandisha ni kidonge cha goti kilichomo mfukoni mwa shati.

Siku ya kupima, kila mtu alete dawa zote anazomeza, pamoja na za miti shamba, azimwage mezani. Anayetumia diklofenaki mara kwa mara aonane na daktari na aombe kupimwa figo (kreatinini) na mkojo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi. Goti lenyewe linasaidiwa na msuli wa paja: kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa na sakafu, uhesabu hadi tano, shusha polepole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Matokeo yanaanza kuonekana baada ya wiki sita hivi, na wengi huacha wiki ya pili.

Kwa aliyeanzishwa dawa ya presha, gharama inashuka kwa kununua kwa jina la dawa, si la kampuni. Amlodipini ya bei ndogo iliyosajiliwa inafanya kazi ile ile ya boksi lenye rangi nzuri. Muulize mtaalamu kama unaweza kupewa ya miezi miwili au mitatu kwa mkupuo, upunguze nauli. Na presha ikishuka, usiache: imeshuka kwa sababu unameza. Miguu ikivimba kwenye vifundo baada ya kuanza amlodipini, rudi ubadilishiwe, usiitupe kimyakimya.

Mfuko mdogo wa kikundi unaziba siku ambazo zahanati haina dawa. Watu 20 wakitoa 2,000 kila mwezi ni 40,000, kwa mwaka 480,000. Hiyo inatosha vijiti, betri, na kumkopesha mwenzenu dawa ya mwezi. Uwe na watia saini wawili, na usichanganywe kamwe na mikopo ya vicoba. Mifuko ya afya hufa siku mtu alipokopeshwa ya mbolea, tumbaku ikachelewa kulipwa.

Jikoni na shambani

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya dukani. Njia rahisi ya kujipima ni pakiti. Nyumba ya watu sita ina haki ya gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo iwafikishe siku 16. Andikeni tarehe juu ya pakiti siku mnayoifungua. Ikiisha siku ya nane, mnakula mara mbili. Samaki wa chumvi kutoka Kigoma waloweke usiku, mwaga maji, waoshe tena kabla ya kupika, na mboga isitiwe chumvi nyingine.

Asali ya Tabora ni nzuri, lakini ni sukari. Imani kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kuitumia bila kipimo kwa kuwa ni ya asili imewapandishia wengi. Matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) pia ni wanga; kiganja kimoja, si bakuli, na yaliwe na karanga au maharage badala ya kuongezwa juu ya ugali.

Wanaolima tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge wasivune majani yakiwa na umande au mvua bila kuvaa mikono mirefu na glavu, maana nikotini hupenya ngozini na kuleta kizunguzungu na kutapika. Wanaoivuta, hakuna kipimo wala kidonge kwenye mwongozo huu kitakachowafaa zaidi ya kuacha.

Wanaoingia porini kwa ajili ya mizinga ya nyuki wajue kuhusu malale, yanayoenezwa na mbung'o. Homa na kichwa kuuma visivyopona kwa dawa ya malaria, hasa kukiwa na kidonda au uvimbe mahali ulipoumwa, mwambie mtaalamu wazi kwamba umetoka msituni, na uombe damu itazamwe kwa darubini. Usipomwambia hatawaza hivyo. Damu kwenye mkojo kwa wanaolima mpunga Igunga na Nzega inahitaji kupimwa kichocho.

Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda: kapime kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, sawa na vya VVU. Wake wenye miaka 30 hadi 50 waulizie uchunguzi wa shingo ya kizazi kwenye kliniki ya mama na mtoto. Mwanamume aliyepita 50 ambaye mkojo unakatika, unachelewa kutoka au unamwamsha mara nyingi, aseme habari ya tezi dume mapema. Wenye milio masikioni tangu enzi za mizinga wapimwe masikio, na macho yapimwe walau kila miaka miwili, kwa sababu presha ya macho haiumi mpaka imeshaiba sehemu ya kuona ambayo hairudi.

Wasiokuja

Daftari linaonyesha kitu kingine ambacho mashine haikipimi: nani hayupo. Mwenzenu anayeamka usiku akipiga kelele, anayeshtuka kwa mlio wa pikipiki, aliyeanza gongo asubuhi au aliyeacha kusalimia watu, anaweza kuwa anabeba kiwewe cha vita au sonona. Ni magonjwa yanayotibika, na kliniki ya afya ya akili ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Zahanati inaweza kuandika rufaa. Kumwambia "afande, jikaze" kunamfungia ndani.

Wekeni utaratibu: anayekosa mikutano miwili mfululizo anafuatwa nyumbani na watu wawili, mmoja wao aliyetumikia naye kikosi kimoja kama yupo. Wabebe mashine ya presha, maana inawapa sababu ya kukaa. Wampime, wapumzike dakika moja, warudie, na katikati ya kungoja wamwulize analalaje usiku. Asiposema siku hiyo, waandike namba zake kwenye daftari na wamwambie wanarudi Jumamosi ijayo.